Chujio la Kigari

Baba Hosiana alivuta kamba ya kuwashia, ikaja laini, bila ubishi wowote. Akajua injini imelika.

Kigari chenyewe ni cha rimoti, lakini kinakunywa mafuta na kunguruma kama pikipiki. Mzee jirani alikileta jana kifanyiwe sevisi tu. Kwa fundi anayetegemewa na makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya wachimbaji, Nyahanga nzima, hiyo haikuwa kazi. Alifua kisponji cha chujio la hewa, akakianika uani. Kisha, bila kungoja kikauke akirudishe, akakikimbiza kigari mbele ya wachimbaji, kwenye vumbi la mawe yaliyosagwa. Walishangilia mpaka kilipozimika.

Sasa mzee alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kimewaka?"

"Injini imekula vumbi, mzee. Imekwisha."

Mzee alichuchumaa, akakipangusa kigari kwa kiganja, taratibu.

"Ni mimi," alisema. "Mwanangu alinisisitiza nisafishe chujio kila nikishakiendesha. Nikaona uvivu. Nisamehe, fundi, nimekuhangaisha bure."

Baba Hosiana alisikia masikio yanawaka moto.

"Hamna shida, mzee," akasema.

Mkewe akatokea uani, amekumbatia nguo alizoanua. Juu ya khanga kulikuwa na kisponji cheusi, bado kimebanwa na kibanio cha nguo.

"Baba Hosiana, kidude chako cha jana kimekauka. Nikiweke wapi?"

Kiganja cha mzee kikasimama juu ya kigari.