Mama Akisema Zima

Hodi ilipigwa nikiwa katikati ya kumhoji Mama. Mlangoni alisimama kijana nisiyemjua, amevaa koti la kaka yangu.

"Shikamoo, mama. Nilikuwa na mwanao kwenye lori, kule mpakani."

Mama alilitazama koti, hakuuangalia uso.

Kaka alipotea akienda kutafuta maisha ng'ambo. Katika filamu yangu yote kuhusu familia zinazosubiri kama yetu, sikuwa nimempata hata mtu mmoja aliyesafiri na waliopotea. Sasa huyu hapa, na kamera inarekodi.

"Marahaba. Kaa, baba. Umekula?" Mama aliuliza.

Kipaza sauti kidogo kilikuwa kimebanwa kwenye gauni lake, kifuani. Kwenye hedifoni nilisikia moyo wake ukienda mbio.

Kijana akakaa. "Mama, siku ile maji yalipotuishia..."

"Zima," Mama aliniambia bila kugeuka.

Nilimwahidi tangu siku ya kwanza kwamba akisema zima, nitazima.

"Lakini Mama, hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta!"

"Najua, mwanangu."

Niliweka kidole juu ya kitufe cha kamera. Nikabonyeza, nikavua hedifoni, nikaenda kukaa karibu na Mama.