Ufunguo wa Pindoni

Siku fundi anapofungua mabomu ya jeshi ghalani, sheria ni moja: umeme wa ghala na wa mtaa mzima unazimwa, swichi kuu inapigwa kufuli, na ufunguo anakaa nao mkewe mpaka fundi mwenyewe arudi kuuchukua. Mwanakheri aliufunga ufunguo wa Shaibu kwenye pindo la kanga, akabandika maharage kwenye jiko la mkaa.

Mara friji ikanguruma. Alilishika pindo, ufunguo ulikuwemo. Akatega sikio kuelekea ghalani, roho mkononi.

Haukusikika mlipuko. Baadaye Shaibu aliingia akihema, grisi mpaka viwikoni.

"Umempa nani ufunguo?"

"Sijampa mtu, baba Nuru. Huu hapa."

Akaugeuzageuza. "Umeme umewashwa mikono yangu ikiwa ndani ya bomu, na kufuli halikuvunjwa. Nani kachonga mwingine?"

"Waulize wakubwa zako."

Maharage hakuyagusa.

Juma lililofuata friji ilinyamaza tena. Mwanakheri akasimama mlangoni, pindo tayari. Shaibu alipita na ufunguo mkononi bila kumtazama, akaenda kubisha hodi kwa dada yake mwenyewe.