Vitabu vya Kwenye Foleni

Noah alifunga ncha moja ya kamba kwenye mdomo wa gunia lake la majani chai, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wake wa kulia. Akavuta kuona kama fundo limekaza. Wenzake kwenye kituo cha kupimia majani, karibu na Silibwet, walimtazama wakacheka, naye akajitia hamnazo. Leo gunia halingeachwa nyuma bila yeye kujua.

Alikuwa na sababu. Sheria ya kituo hicho haijaandikwa popote, lakini hata kuku wa jirani wanaijua: foleni ikisogea kwenda kwenye mzani, kila mtu asukume gunia lake. Asiyesukuma anarukwa. Na lori likijaa linaondoka, halimngojei mtu. Majani yanayolala nyumbani huwa mekundu, na karani Omariba hataki hata kuyanusa.

Wiki hiyo Noah alikuwa amerudi nyumbani na gunia mara mbili. Mara ya kwanza sababu ilikuwa nyuki. Mara ya pili ilikuwa nyota.

Lawama zote zilikuwa za Janeffer. Mwalimu huyo mstaafu alikuja kituoni na majani yake na kiondo cha vitabu, na hakuwa na haya ya kumsifia mtu kitabu mpaka akipokee. Mathew, aliyejua habari za ng'ombe tu, alipewa wafalme wa kale, na sasa aliwataja kwa majina kama wajomba zake. Jecinta wa dukani alipewa kitabu cha wapanda milima, akawa anaeleza theluji ambayo hajawahi kuikanyaga. Noah naye, ambaye nyuki walikuwa wameuhama mzinga wake, aliletewa kitabu cha nyuki. Halafu kikaja cha nyota, siku moja tu baada ya yeye kukaa uani akijiuliza nyota huenda wapi mchana. Mwalimu huyu alimjua utadhani analala chini ya kitanda chake.

Rodah, mke wake, hakuona uzuri wowote katika mambo hayo. Mara ya kwanza aliuliza kama hao nyuki wa kwenye karatasi wataleta asali. Mara ya pili alisema kwa upole, na upole wa Rodah ndio wa kuogopwa:

"Baba Kiptum, ukirudi na hiyo majani tena, mimi ndiye nitakuwa napeleka. Wewe utabaki na ng'ombe na jiko."

Noah aliogopa kweli. Miaka mingi Rodah alikuwa ameomba wapokezane kazi hiyo, naye akamkatalia akisema gunia ni zito. Uzito haukuwa neno. Neno lilikuwa zile alasiri za kituoni, kukaa kwenye benchi, kupiga soga na kula mandazi huku mtu anahesabiwa kuwa yuko kazini. Hakujua kazi nyingine tamu kama hiyo katika Bomet nzima, na hakuwa tayari kuiachia.

Foleni ilipoanza kusogea, Janeffer akaja na kiondo chake.

"Mwalimu, leo unihurumie," Noah alisema. "Leo mimi ni mtu wa gunia tu."

Janeffer hakubishana. Alimsifia kitabu cha samaki wa baharini, Noah akatikisa kichwa. Akamsifia kingine cha treni, akatikisa tena, ingawa hicho kilimuuma. Basi mwalimu akatoa riwaya nyembamba yenye jalada lililochakaa, ukurasa mmoja karibu na mwisho umekunjwa pembe, akaiweka juu ya gunia la Noah.

"Hii hata si yako," alisema. "Bwana harusi anauawa mbele ya kanisa mzima, na hakuna mtu ameona. Nishikie tu, nisukume gunia yangu."

Noah alitazama pembeni. Alisukuma gunia mara moja, akasukuma tena. Kanisa zima, na hakuna aliyeona? Akaona afungue ukurasa wa kwanza tu, ili roho itulie.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mama mkwe. Wa pili ulikuwa na keki. Kufikia sura ya tatu Noah alikuwa anamshuku mchungaji, na kufikia ya tano alikuwa amemwomba msamaha kimoyomoyo. Kamba ilimshika mguu barabara, lakini haikuwazuia wenzake kuinua magunia yao na kumzunguka. Baadhi yao walimsalimia wakipita, naye akaitikia bila kuinua macho.

Lori lilipounguruma alikuwa amebakiza ukurasa mmoja. Akaumaliza. Alipofunga kitabu, kituo kilikuwa kitupu na Omariba alikuwa anafunika mzani.

Njiani, gunia mgongoni na kitabu kwapani, Noah alitunga uongo wa kila aina: lori limeharibika, mzani una kasoro, Omariba anaumwa na jino. Hakuna hata mmoja uliosimama. Alifika langoni akiwa na hofu ya kweli.

Rodah hakufoka. Alilitazama gunia, akamtazama mumewe, akampokeza ndoo ya kukamulia.

"Kesho naenda mimi," alisema.

Noah alikubali. Ameshindwa, basi ameshindwa, na angalau alikuwa na kisa cha kumsimulia mtu asiyejua lolote la vitabu.

"Lakini sikia, Mama Kiptum," alianza. "Huyo aliyemuua bwana harusi..."

Rodah alimziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie," alisema. "Nilimpatia Janeffer hicho kitabu akuletee, kabla sijafika mwisho."