Mfalme Ukutani

Hatua kumi na moja kutoka mlangoni, halafu meza. Danson aliigusa kwa goti, akaweka chaki juu yake polepole kama mtu asiye na haraka, akasikia darasa zima likisimama.

"Haya, kaeni. Leo tuna mgeni. Mchukulieni kama hayupo."

Wakacheka kidogo. Viatu vizito vya Inspekta Zephaniah vikapita hadi nyuma ya ukumbi, na kiti kikalia chini ya mtu mnene.

Danson alikuwa amefundisha shule hii ya Wundanyi miaka kumi na tisa, na miwili ya mwisho alifundisha macho yakimfifia. Yalianza kwa ukungu, kama ule wa Juni huko milimani. Ukungu ukazidi, na tangu Agosti mchana na usiku ukawa kitu kimoja. Aliyejua ni mkewe Tryphena tu, aliyemsomea insha za wanafunzi jioni na kuandika alama alizomtajia. Ilibaki miezi minane astaafu. Akigunduliwa leo, kesho angekuwa nje ya darasa na nje ya nyumba ya mwalimu, na hakujua kipi kingemuua mapema.

Kilichomficha ni sinema. Shule ilikuwa na mashine kuukuu ya filamu, na mikanda iliyokuja kwa treni hadi Voi: mchezo wa kale wa mfalme aliyeapa kumuua nduguye, uliopigwa picha jukwaani, mchezo uleule uliokuwa kwenye mtihani. Danson aliutazama mara nyingi alipokuwa na macho. Sasa masikio yalimtosha. Ubao wa jukwaa ukilia, alijua nani amesimama wapi.

Mradi sauti iwepo. Mwaka uliopita balbu ndogo ya sauti iliungua katikati ya kipindi. Wanafunzi wakabaki wanatazama watu wakifungua midomo kama samaki, naye akasingizia tumbo na kuondoka. Jasho la siku ile hakulisahau.

Na sasa huyu Inspekta. Asubuhi ofisini alikuwa amesema wazi kwamba filamu ni upuzi, watoto wasome kitabu. "Nitatazama kipindi kimoja tu, halafu tutaongea." Kitabu! Danson angekishika kichwa chini na asijue.

"Wakesho, madirisha. Mkamburi, washa mashine."

Blanketi za bweni zikavutwa madirishani. Jenereta ikanguruma nje, mkanda ukaanza kuzunguka. Tarumbeta. Nyayo nane. Kiti cha enzi kikalia; mfalme ameketi.

Kitu kikafanya *tik* ndani ya mashine. Mtu wa mstari wa mbele akavuta pumzi kwa nguvu. Ni kiungo cha mkanda kimepita, Danson alijiambia, na kweli, sauti ya mfalme iliendelea vilevile. Akachukua fimbo, akauelekea ukuta.

"Sasa anainuka. Mdomo wake unasema amemsamehe nduguye. Lakini tazameni mkono wa kushoto. Mkono unasema nini, Mkamburi?"

Dawati la mbele likalia, kama mtu amegeuka kutazama nyuma.

"Ameuficha nyuma, Mwalimu," Mkamburi alisema mwishowe, sauti ikitetemeka. "Amekunja ngumi."

"Na kitabuni?"

"Kitabuni hakuna mkono, Mwalimu. Kuna maneno peke yake."

"Umesikia hayo, Wakesho? Na malkia je?"

"Malkia anauona huo mkono," Wakesho alijibu. "Ndiyo maana anaanza kurudi nyuma kabla mtu yeyote hajamtisha."

Walikuwa wameutazama mchezo huu mara tano, na walijibu kama waliouandika. Danson alipaswa kufurahi, lakini aliogopa. Hawajawahi kutulia namna hii. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyenong'ona. Alihisi macho ya Inspekta kisogoni mwake. Kila alipogeuka alihisi ukumbi umepungua upana, na njia ya kutokea ilikuwa moja, hatua kumi na moja, mbele ya watu wote. Akaendelea kuonyesha kwa fimbo: hapa upanga, hapa ndugu anapiga magoti, hapa mfalme anageuza uso asione.

Mwishowe mkanda ukaisha, ncha yake ikawa inachapa mashine. Blanketi zikashushwa. Siku nyingine wangetoka mbio kwenda kula. Leo walipita mmoja mmoja mbele ya meza, kila mmoja akisema taratibu, "Asante, Mwalimu."

Kisha viatu vizito vikaja. Danson akasikia karatasi ikichanwa mara mbili.

"Nilikuja na ripoti iliyokwisha andikwa," Inspekta alisema. "Hiyo ndiyo nimeichana. Nitaandika nyingine. Filamu ziendelee, na wewe uendelee nazo mpaka utakapostaafu."

Danson aliushika ukingo wa meza. "Asante sana, Bwana Inspekta."

Viatu vikaenda hadi mlangoni, vikasimama.

"Ila mwambie karani aagize balbu ya picha kutoka Mombasa. Ile iliungua kabla mfalme hajainuka kitini."