Sauti ya Marehemu Twaha

Fundi Raheli alibonyeza kitufe cha kuwashia mara ya nne. Simu ikabaki nyeusi kama tako la sufuria.

"Umeiua," alisema Chausiku.

"Bibi, nimebadilisha kioo tu."

"Hujabadilisha kioo. Umeivalisha sanda."

Sadala alicheka peke yake. Alikuwa mdogo wa marehemu Twaha, mume wa Chausiku, na tangu arobaini ipite amekuwa akililima shamba la kaka yake kule Kwaluguru kana kwamba alizaliwa nalo. Alidai kaka yake alimpa akiwa kitandani. Chausiku naye alidai kwamba wiki ile ya mwisho Twaha alijirekodi kwenye simu hii, akitaja kwa kinywa chake shamba ni la nani.

Mzee Habakuki, mwenyekiti wa kitongoji, alikata shauri: waende wote kwa fundi, simu isikilizwe. Isipoongea leo, shamba ni la Sadala. Ikiongea, mwongo atalala polisi.

"Handeni nzima haina fundi, mpaka tupande basi kuja Korogwe?" Sadala alinung'unika.

"Mafundi wa Handeni unakunywa nao kahawa, shemeji."

Raheli alichomeka chaji. Kimya. Akabadilisha waya. Kimya. Akafungua mfuniko wa nyuma, akachungulia.

"Bibi, laini yake iko wapi?"

"Ya nini? Unataka kumpigia maiti?"

"Mzee, tuondoke," alisema Sadala. "Huyu mwanamke alimtesa kaka yangu akiwa hai, sasa anaitesa simu yake."

"Kaa chini, fisi wewe. Kaburi halijakauka umeshang'oa masale ya mpaka!"

Mzee Habakuki alitazama saa yake. "Fundi, inawaka au haiwaki?"

Raheli alichomoa betri, akangoja kidogo, akairudisha. Akachomoa na mkanda mwembamba unaounganisha kioo na simu, akaufuta kwa spiriti. Kisha akabonyeza kitufe, akakishikilia.

Simu ikatetemeka juu ya meza.

"Iko hai," alisema Raheli. "Ni mkanda wa kioo tu haujakaa. Nipeni dakika moja, itaongea."

Sadala alimsogelea Mzee Habakuki.

"Mwenyekiti," alisema, "unajua maneno ya mgonjwa... Labda sikumwelewa marehemu. Labda alisema niliangalie shamba, siyo nilichukue."

"Labda?"

"Alisema niliangalie! Shamba ni la shemeji. Andika, nitie sahihi. Lakini hiyo simu isiwashwe. Tumwache marehemu apumzike."

"Hapana!" aling'aka Chausiku. "Nataka asikike! Korogwe nzima isikie!"

"Mama, shamba umeshapata, unataka nini tena?" mzee alimkemea, huku akiandika.

Sadala alitia sahihi, akatoka, kuaga hakuaga. Mzee Habakuki aliikunja karatasi, akamkabidhi Chausiku, kisha akaelekea stendi kuwahi basi.

Chausiku hakuinuka kwenye benchi.

"Malizia kazi yako," alimwambia fundi.

Raheli akaukandamiza mkanda kwa ukucha mpaka ukalia ta! Kioo kikawaka, cheupe pee, kikimtaka achague lugha. Akakitazama. Akamtazama bibi.

"Bibi! Simu hii haijatumika hata siku moja!"

"Nimeinunua juzi Handeni," alisema Chausiku, "nikaigonga kwa mchi. Haya, weka Kiswahili."