Taa Iliyosusa

Petroli ilimmwagikia fundi kuanzia kifuani mpaka viatuni.

"Mama Mkunga! Si umesema tenki tupu?"

"Tupu, mwanangu. Wiki nzima nimezunguka na pikipiki bila kuongeza hata tone. Humo ilibidi ibaki harufu tu."

"Basi harufu yenyewe imenilowesha."

Mkunga alicheka. Amewapokea watoto wasiohesabika, na sasa kitaa chekundu cha kuonya mafuta, kidogo kama punje ya mtama, kinamshinda.

Tena kosa la kwanza lilikuwa lake. Usiku wa ile mvua kubwa taa iliwaka vizuri kabisa, ikimwonya kwamba mafuta yanakwisha. Yeye akaiambia, "Subiri kwanza," kana kwamba anaongea na mjukuu. Pikipiki ikazima katikati ya njia. Akaisukuma kwenye tope, akiitukana, kisha akijitukana, na alipoingia kwa mzazi, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa mikononi mwa jirani anayetetemeka. Mungu aliwaangalia. Kesho yake akajaza tenki, akaapa kwamba taa ikiwaka tena ataitii kama amri ya mama mkwe.

Haikuwaka tena. Imesusa, alijiambia.

Wiki iliyopita fundi aliunganisha nyaya mbili chini ya tenki, na taa ikawaka. Balbu nzima, waya mzima. Akasema mgonjwa ni kile kipimo cha ndani, na hakitoki mpaka tenki iwe tupu. "Endesha mafuta yaishe, kisha niletee." Mkunga akaendesha, na chupa ya petroli ya akiba ikiwa imefungwa nyuma ya kiti, asije akaumbuka mara ya pili.

Sasa fundi alimsogezea kigoda chake mwenyewe. Akainama, akapunguza sauti ili wateja wengine wasisikie.

"Labda uliweka, mama, ukasahau?"

Alilisema kwa huruma, ndiyo maana likachoma zaidi. Mkunga mwenyewe huwaambia wenzake wadogo kila siku: mkono ukianza kusahau, upumzike. Leo umesahau petroli, kesho utasahau kufunga kitovu.

"Nirudishie kila kitu mahali pake," alimwambia fundi. "Kesho pikipiki nitampa mkunga mdogo. Akili zangu ndizo zinazovuja, si tenki."

Nyumbani alizitundika funguo kwenye msumari wa mlangoni. Mumewe, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, alikuwa amekaa na redio yake. Siku pikipiki ilipoingia uani alitangaza kwamba lidude lile hataligusa hata kwa kijiti, na kwa ubishi aliojaliwa, nani angemtilia shaka?

"Kesho una safari ya mbali?" aliuliza.

"Kwani utanibeba mgongoni?"

"Mgongo huu? Nitakudondosha getini."

Mkunga alikaanga mayai. Harufu ya petroli ikapanda kutoka kwenye kikaango. Akanusa mikono yake, akanusa kanga, akanusa chupa ya mafuta ya kupikia aliyoijaza asubuhi kwa faneli yake ya bati. Haya, na pua nayo imezeeka. Mume alikula yote kimya, akapangusa sahani kwa mkate. Mtu ambaye chumvi ikipungua kidogo tu hutoa hotuba!

Mkunga alimtazama, akaona afadhali amwambie kesho, baada ya kukabidhi. Akimwambia sasa, atamcheka. Au hatamcheka, na hilo ndilo baya zaidi.

Alfajiri alitoka na kitambaa. Hutoi mtoto kwa watu kabla ya kumwogesha, na pikipiki ilikuwa na tope la njia zote alizopita juma lile. Funguo hazikuwa msumarini. Hata hizo amesahau alikoziweka.

Akafungua mlango wa uani.

Mumewe alikuwa ameinama juu ya pikipiki, fulana ya kulalia imelowa jasho, dumu mkononi, faneli ya jikoni imesimama kwenye mdomo wa tenki.

"Rudi ndani, kuna baridi," alisema bila kugeuka. "Leo nimechelewa kidogo tu."