Slaidi ya Ngamia

Kabla ya slaidi ya kumi na moja, Halkano hakutulia. Alivua kofia, akaivaa. Alisimama, akaambiwa akae.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mkutano huu wa barabara aliufuata Tarbaj, akaufuata Elwak, na sasa Garissa, mwili mzima unauma kwa kupanda malori. Leo ndiyo mwisho. Asubuhi, pale mlangoni, alimsikia Injinia Deeq akimwambia Ikran, msichana wa kompyuta: "Wakubwa wanasema huyo ngamia anawaaibisha. Tukimaliza leo, mfute."

Mbele, Deeq alikuwa bado kwenye grafu. Changarawe, mifereji, asilimia. Wakubwa wa safu ya kwanza, wale wa kuahidi lami kila uchaguzi, walikuwa wanasinzia mbele ya chupa zao za maji.

Deeq akabonyeza.

Ambulensi imezama matopeni hadi milangoni. Mbele yake ngamia mmoja, amefungwa kamba, anaivuta. Kamba ya kumwongoza iliishia ukingoni mwa picha, aliyeishika hakuonekana.

"Serikali ilitupa magurudumu manne," Deeq alisema. "Mungu akatuongezea miguu minne."

Watu wakavunjika mbavu. Wakubwa waliamka, wakacheka kuliko wote. Halkano alikuwa amesimama tena, macho ukutani, mpaka grafu nyingine ikaja.

Watu walipotoka kwenda kula, aliifuata meza ya kompyuta.

"Mzee, wewe umeipenda kweli," Deeq alisema. "Unaona? Watu hawakumbuki asilimia. Wanakumbuka kilichowachekesha."

"Unajua gari lilitoka matopeni saa ngapi?"

"Sijui, wallahi. Mimi nilipiga picha nikaendelea na safari."

"Yule ngamia ni wangu," Halkano alisema. " Nipe hiyo picha kabla hamjaifuta."

Ikran akacheka. "Kumbe ndiyo sababu unatufuata. Adeer, ami yangu, na mama nyumbani haoni wivu?"

Halkano alikuwa anatazama printa. Ikatoa karatasi, nyeusi na nyeupe. Akairudisha.

"Nataka ya rangi."

"Ngamia rangi ya tope, gari rangi ya tope. Rangi ya nini, adeer?"

"Weka rangi tu, binti yangu."

Akaiwekea. Halkano aliishika karatasi kwa mikono miwili, akatoka bila kula pilau yao.

Ng'ambo ya barabara fundi cherehani, Billow, alikuwa anashona kanzu. Halkano akamwomba mkasi, akachuchumaa kando ya mashine. Kwanza alimkata ngamia, akamtupa.

"Mzee, mbona unamtupa ngamia?" Billow alishangaa. "Waliotoka ukumbini wote wanamsifu."

Halkano akakata matope. Akakata boneti, akakata taa ya juu na maandishi ya ubavuni. Upepo ukavichukua vipande, naye hakugeuka kuviangalia.

Kikabaki kipande kidogo kama stempu: dirisha la nyuma la ambulensi, na kwenye kioo, kiganja chenye hina nyekundu.

"Mke wangu huyu," alimwambia fundi, akimrudishia mkasi. "Maisha yake yote alikataa kupigwa picha."